Gavana wa Japani si mteule wa Tokyo

Kila ninapoanza kufundisha serikali za mitaa za Japani, mwanafunzi hunyoosha mkono: "Mwalimu, huyu gavana katoka wizarani Tokyo. Si ndiye jicho la serikali kuu mkoani?" Nimechoka kulisikia. Kwa aliyezoea wakuu wa mikoa wa Tanzania, wanaoteuliwa na Rais, ni rahisi kudhani hivyo. Na kabla ya Vita vya Pili vya Dunia ndivyo ilivyokuwa: Wizara ya Mambo ya Ndani ilipeleka maofisa wake kutawala mikoa. Tangu 1947 magavana huchaguliwa kwa kura: leo wananchi wa mikoa yote 47 humpigia kura gavana wao kila miaka 4, na Waziri Mkuu hawezi kumfukuza.

Mtazameni Katayama Yoshihiro. Alikulia kazini katika Jichishō, wizara iliyosimamia serikali za mitaa, akachaguliwa gavana wa Tottori mwaka 1999. Tarehe 6 Oktoba 2000 tetemeko la ukubwa wa 7.3 liliupiga mkoa huo. Hakufa mtu, lakini nyumba nyingi ziliharibika, na wazee wengi hawakuwa na uwezo wa kujenga upya. Tokyo ilishikilia kwamba fedha za umma hazijengi mali ya mtu binafsi. Katayama alitoa hadi yeni milioni 3 kwa kila nyumba, kutoka fedha za mkoa na za miji na vijiji vyake, akihofia kwamba wazee wakihama, vijiji vitakufa. Je, huyo ni jicho la Tokyo? Aliijua bajeti na sheria kwa sababu alizifanyia kazi miaka mingi, ndiyo maana hakutishika. Mwaka 2007 sheria ya taifa nayo ilirekebishwa, misaada ya waathirika ikaruhusiwa kujenga nyumba.

Utegemezi wa ruzuku za serikali kuu upo, hasa kwa mkoa mdogo kama Tottori, wenye watu wachache kuliko yote. Lakini kutegemea fedha si kuteuliwa. Nawasihi wanafunzi wangu: ulizeni kwanza nani alimpigia kura, ndipo muulize alifanya kazi wapi.

Yapo na madai mengine ninayoyasikia kuhusu gavana. "Lazima awe mzaliwa wa mkoa." Hapana. Katayama ni wa Okayama.

"Hubaki mtumishi wa wizara." Hapana, huacha kazi.

"Mihula ni miwili tu." Hapana. Katayama aliondoka baada ya miwili kwa hiari yake. Tanimoto Masanori wa Ishikawa, naye wa wizara ile ile, alikaa saba, 1994 hadi 2022.