Mafunjo hayafi kwa panga

Watu wakiona mzigo wa mafunjo mabichi umefungwa nyuma ya baiskeli, hudhani kinamasi kinaisha. Kazi yangu ni mimea ya maeneo oevu, na mara nyingi msusi wa mikeka anayeyakata ndiye ninayemtetea.

Kwanza, mafunjo si nyasi. Ni ukoo wa ndago, ileile inayokusumbua shambani. Kata bua ulitazame: lina pembe tatu, halina vifundo, na ndani limejaa kiini cheupe chepesi chenye hewa tele. Majani yamebaki magamba ya kahawia tu pale chini. Chakula kinatengenezwa na bua lenyewe pamoja na zile nyuzi za kijani kichwani. Hufika mita 4 au 5, lakini uhai wake ni wa miezi tu. Kinachodumu ni shina nene linalolala chini, limefumana na mizizi mpaka likawa tandiko linaloelea, unaloweza kusimama juu yake ukijua pa kukanyaga.

Bua likizeeka, virutubisho vyake, naitrojeni na fosforasi, hurudi kwenye shina hilo, na machipukizi hujengwa kwa akiba hiyo. Ukikata likiwa changa, umeondoka na akiba. Rudia kila baada ya miezi michache, shina litachoka. Liache karibu mwaka mzima, litajirudi. Kwa hiyo kukata kwa zamu kunatosha.

Mauaji yenyewe huanza maji yakiondoka. Ajabu ni kwamba mbegu za mafunjo huota palepale, kwenye tope bichi lililoachwa wazi na ziwa. Maji yakirudi taratibu, miche hupanda nayo. Yakikawia, tandiko hukaa nchi kavu, na hapo nyati na ng'ombe huingia, wakala machipukizi na kuvunjavunja mashina. Ziwa Naivasha la Kenya limepoteza sehemu kubwa ya mafunjo yake kwa njia hiyo, tena jembe likafuata nyuma ya kwato. Moto nao, ambao shina lililozama huustahimili, ukikuta mboji imekauka huunguza mpaka mizizi.

Kurudisha kunawezekana: kipande cha shina chenye chipukizi, tope lenye maji, na uzio wa kuzuia ng'ombe. Kinachogharimu ni uzio.