Kapu la joto: kuivisha maharage bila kumaliza mkaa

Mbeya mjini ni karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho maji huchemka yakifika nyuzijoto 94 hivi, si 100 kama Tanga au Dar es Salaam, na Njombe, iliyo juu zaidi, huchemka chini ya nyuzi hizo kidogo. Ndiyo maana maharage huku ni magumu kuiva, na mkaa mwingi wa nyumbani huishia kwenye maharage na makande.

Wengi hujibu kwa kuongeza moto. Lakini sufuria ikishachemka, hata ukirundika mkaa, joto la maji halipandi. Kinachoongezeka ni mvuke tu. Na mvuke ni ghali: kugeuza lita 1 ya maji kuwa mvuke hula nguvu karibu mara 7 ya ile iliyoyatoa nyuzi 20 hadi yakachemka. Kinachohitajika baada ya kuchemka ni kuzuia joto lisitoroke.

Hapo ndipo kapu linapoingia. Tafuta kapu la milulu au ukindu ambalo sufuria ikikaa ndani inabakiza nafasi ya sentimita 10 kila upande. Jaza nafasi hiyo pumba za mpunga, ambazo mashine za kukoboa za Igurusi na Ubaruku huzirundika nje. Ni nyepesi, zinashika hewa nyingi, na haziozi upesi. Walio Mafinga watumie maranda makavu ya mbao. Zishone kwenye mito ya kitambaa: mmoja wa chini, mmoja wa kuzunguka, mmoja wa juu. Wa juu usiupunguze unene, kwa sababu joto hutorokea zaidi kwenye mfuniko. Pumba zikilowa hazizuii joto tena, basi zianike juani kila zinapopata unyevu.

Kwa kilo 1 ya maharage, loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha weka mapya yazidi maharage kwa vidole viwili tu, maana ndani ya kapu maji hayapungui. Sufuria ijae angalau theluthi mbili. Iliyojaa nusu hupoa haraka, na hili ndilo linaloharibu majaribio mengi ya kwanza. Chemsha yatokote kwa nguvu dakika 30 huku umefunika. Dakika hizo usizipunguze: maharage mekundu yana sumu ya asili inayovunjwa na mtokoto wa kweli, na joto la vuguvugu haliiondoi. Funga mfuniko, toa sufuria motoni, futa masizi, tia kapuni, funika. Kwa muda wa saa 4 usifungue hata kuchungulia.

Ukifungua, mvuke utoke kwa nguvu. Kama sufuria inashikika kwa mkono mtupu, kuna mwanya mahali au mto ni mwembamba, na chakula kilichokaa vuguvugu muda mrefu hukaribisha vijidudu. Usikile, rekebisha kapu kwanza. Kama ni moto lakini bado magumu kidogo, chemsha tena dakika 10 urudishe kwa saa 1. Nyanya zisubiri hadi maharage yalainike, kwani uchachu huyafanya yakatae kuiva. Maharage ya msimu uliopita yatakuwa sugu hata hivyo.

Makande hufuata njia hiyohiyo, ila chemsha dakika 45 na yaache saa 5. Wali ni rahisi zaidi: dakika 5 za kutokota, saa 1 kapuni.

Jambo moja kuhusu makaa yanayobaki jikoni baada ya kutoa sufuria. Usiyamwagie maji, yatapasua udongo wa jiko. Yatie kwenye debe la bati lenye mfuniko unaobana, nje ya nyumba, yazime kwa kukosa hewa; kesho yanawaka tena. Na wakati wa baridi ya Juni na Julai, tafadhali, jiko hilo lisiingizwe chumbani kuota. Hewa yake haina harufu na inaua watu usingizini.