"Lakini Hana Homa, Daktari": Maswali Ninayoulizwa Kliniki Kuhusu Mtoto Aliyedhoofika

Kina mama wa Nyalenda na Manyatta hapa Kisumu huniuliza haya karibu kila wiki, nikiwaambia kuwa njaa hudhoofisha thaimasi na ubongo wa mtoto.

Thaimasi ni nini?
Ni tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, juu kidogo ya moyo. Humo hukomaa chembe za kinga zinazomtambua adui. Kwa mtoto ni kubwa. Baada ya kubalehe husinyaa.

Inahusianaje na ubongo?
Panya wa maabara wasio na chembe hizo wamekutwa na upungufu wa BDNF, protini inayokuza seli za ubongo, na huwa wazito kujifunza. Hayo ni ya panya. Kwa mtoto, njaa hupiga vyote viwili: utapiamlo mkali husinyaza thaimasi, na ubongo unakosa chakula katika miaka 2 ya kwanza, ndipo unapokua kwa kasi.

Hana homa. Si ningoje kidogo?
Usingoje. Homa huwashwa na kinga. Kinga ikiisha nguvu, mtoto anaweza kuwa na nimonia na mwili wake usipate moto, hata ukawa baridi. Kila mara naletewa mtoto aliyelegea, nasikia, "Hakuwa na homa." Mama, kwa mtoto aliyekonda, kukosa homa si dalili ya uzima. Usingoje homa.

Miguu imejaa. Nyanya yake anasema amenona.
Hajanona. Bonyeza upande wa juu wa nyayo zote mbili, hesabu hadi tatu, uachilie. Shimo likibaki, huo ni utapiamlo mkali. Mlete leo, si Jumatatu.

Na kama ni chira, ugonjwa wa kuvunja mwiko? Tupitie kwa mzee kwanza?
Mzee atakungoja. Mtoto hatakungoja. Hospitali kwanza.

Nimpe mayai na nyama kwa wingi apone haraka?
Aliyevimba usimshindilie, mwili wake hauwezi. Wodini huanzishiwa maziwa maalumu, kidogo kidogo. Ambaye bado ni mzima, acha kumpa uji mtupu wa mahindi kutwa nzima! Saga omena (dagaa), ponda ndengu, tia yai, na uendelee kumnyonyesha hadi miaka 2.

Nitajuaje amekonda kupita kiasi?
Mwombe mhudumu wa afya wa mtaa ampime mzunguko wa mkono, sehemu ya juu, kwa utepe. Kati ya miezi 6 na 59, chini ya sentimita 11.5 ni hatari, hata akiwa anacheza, hata bila homa.

Ameongeza uzito. Niache kliniki?
Hapana. Thaimasi hukua tena, ila hurudi polepole kuliko uzito. Mashavu yakijaa, kinga bado iko nyuma. Rudi tarehe iliyoandikwa kwenye kijitabu.