Je, wajua kwa nini wanamaji wa Uingereza walimtafuta mtu wa bakteria ili wapate baruti?

Pale Fort Jesus, Mombasa, kuna mizinga miwili ya Vita Kuu ya Kwanza ambayo watoto hupenda kuiparamia wapigwe picha. Mmoja ni wa Königsberg, meli ya Kijerumani iliyomalizwa katika delta ya Rufiji Julai 1915. Mwingine ni wa HMS Pegasus, meli ya Kiingereza ambayo Königsberg hiyo hiyo iliizamisha Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Nilikuwa pale na wapwa zangu, nikajitia mwalimu. Nikawaambia kwamba mzinga huo wa Kiingereza ulirusha baruti ya mahindi, kazi ya mkemia aitwaye Chaim Weizmann, na kwamba kwa kushukuriwa alipewa nchi.

Sentensi moja, makosa matatu. La kwanza ni la kalenda tu: Pegasus ilikuwa imeshalala chini ya maji kabla wanamaji hawajabisha hodi kwa Weizmann. Mawili yaliyobaki yanasimuliwa na watu wengi, na mimi niliyaamini kwa miaka. Ukiyafumua, ndipo unapoelewa kwa nini jeshi la majini lilimwajiri raia ambaye hakuwahi kuvumbua baruti ya aina yoyote.

Kwanza mahindi. Mahindi yalitoa asetoni, na asetoni hailipui kombora. Ni kimiminika kile kile chenye harufu kali kinachouzwa kwenye vichupa vya kutolea rangi ya kucha. Kinashika moto upesi, hilo halina ubishi, lakini hata petroli inashika moto na hakuna aliyewahi kuishindilia kwenye mzinga.

Baruti yenyewe iliitwa kordaiti. Waliibuni Frederick Abel na James Dewar mwaka 1889, na jina lilitokana na umbo lake la kamba. Ndani yake mna nitrogliserini, pamba iliyopitishwa kwenye asidi hadi ikageuka kuwa kitu cha hatari, na vaselini kidogo. Naam, mafuta ya mgando. Asetoni haimo katika orodha hiyo. Inaingia kiwandani, inafanya kazi yake, kisha inakaushwa mpaka iishe. Tofali la udongo likishakauka huyaoni maji ndani yake, lakini jaribu kulifyatua bila maji.

Na kordaiti hairuki kwenda kwa adui. Inabaki nyuma, ndani ya mtutu, ikisukuma. Kile kinachopasuka kikifika upande wa pili ni kilipuzi kingine kabisa, kilichojazwa ndani ya kombora. Mimi nilikuwa nikivichanganya viwili hivi, na nadhani wengi huvichanganya kwa sababu Kiswahili chetu cha kila siku huita vyote baruti. Kazi zao zinapingana. Cha ndani ya kombora kinatakiwa kipasuke mara moja. Cha kusukuma kikifanya hivyo, wanaokufa ni wapiga mzinga.

Fikiria gari lililozimika barabarani. Ukilikimbilia na kulipiga teke, utabonyeza bati na gari litabaki palepale. Ukiegemeza bega na kuongeza nguvu polepole, magurudumu yanaanza kuzunguka. Mzinga nao unataka bega. Gesi ianze kidogo, kombora lisogee, gesi iendelee kuzaliwa nyuma yake mpaka litoke mdomoni.

Sasa chukua ile pamba ya asidi kama ilivyo. Imejaa nyuzi na matundu kama sufi ya mto. Moto ukiigusa unaingia kila tundu kwa wakati mmoja, na yote inateketea kwa kufumba na kufumbua. Hilo ni teke. Tofauti yake na kordaiti ni kama ya maranda na gogo: mbao ni ile ile, ila gogo huungua kuanzia nje kwenda ndani, na unene wake ndio unaoamua moto utadumu muda gani. Swali la wakemia lilikuwa jinsi ya kuyageuza maranda kuwa gogo bila kuyawasha.

Hapa ndipo asetoni inapopata heshima yake, na jaribio unaweza kuliona saluni. Rangi nyingi za kucha hutengenezwa kwa ndugu mpole wa pamba ile ile ya asidi, aliyeyeyushwa ili apakike na akauke kuwa ganda gumu linalong'aa. Ukilisugua ganda hilo kwa maji, utachoka. Tia asetoni kwenye kipande cha pamba, ligusishe kidogo, na ganda linalegea, linakuwa kama uji mzito, linafutika. Nilipomweleza mpwa wangu mkubwa haya, aliitazama mikono yake, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo mjomba, nikikaa karibu na jiko nitalipuka?" Hapana. Ila mbele ya moto wa jiko, asetoni kwenye kichupa ni ya kuogopwa zaidi kuliko rangi iliyokwisha kukauka kuchani.

Kiwandani walifanya hivyo hivyo kwa tani. Asetoni ililegeza nyuzi za pamba, ikazichanganya na nitrogliserini, matundu yote yakafa, likabaki donge moja kama unga wa dengu uliokandwa. Wa pwani wanaijua mashine ya mkono ya kutengenezea tambi za dengu: unatia donge, unaweka sahani yenye matundu, unazungusha mpini, nyuzi zinateremka. Matundu madogo, tambi nyembamba. Matundu makubwa, tambi nene. Kordaiti ilipita kwenye sahani za namna hiyo. Kisha ikaanikwa ndani ya vyumba vya joto mpaka asetoni iondoke. Nyuzi nyembamba zilikwenda kwenye bunduki, nene kwenye mizinga mikubwa. Kwa mizinga ya inchi 15 ya manowari, kordaiti ilipita kwenye tundu la inchi 0.45, yaani unene wa kidole chembamba, na kila shuti lilikula karibu kilo 194 zake ili kusukuma kombora la kilo 871.

Kwa hesabu hiyo, tatizo la Uingereza mwaka 1915 halihitaji maelezo marefu. Asetoni ilipatikana kwa kuchoma kuni ndani ya matangi yasiyo na hewa, na ilihitaji takriban tani 80 hadi 100 za kuni kupata tani moja. Uingereza haikuwa na misitu ya kutosha kwa mchezo huo. Nyingi ilitoka nje, hasa Marekani.

Weizmann alizaliwa mwaka 1874 katika kijiji cha Motal, leo Belarusi, na tangu 1904 alikuwa akifundisha kemia Manchester. Hakuwa akitafuta baruti. Alikuwa akitafuta mpira wa kutengenezwa maabara, na kwa ajili hiyo alitaka butanoli, aina ya kileo. Akapata bakteria ambaye, akilishwa wanga wa mahindi, anatoa butanoli sehemu 6, asetoni 3 na kileo cha kawaida 1. Asetoni ilikuwa makapi. Nairudia kwa sababu inanifurahisha: mtu aliyeitwa kuokoa mizinga ya manowari aliitwa kwa ajili ya kitu ambacho yeye hakukitafuta.

Habari ziliufikia uongozi wa jeshi la majini kupitia watu wa viwanda vya baruti, na Sir Frederic Nathan, mtaalamu wa baruti aliyekuwa mshauri wake, akamwita. Weizmann anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa jeshi la majini mpaka Mei 1915, alimwambia wanahitaji tani 30,000. Kumbukumbu hizo zilichapishwa mwaka 1949, na mazungumzo ya miaka zaidi ya 30 nyuma huwa na tabia ya kunoga kadiri yanavyosimuliwa. Mimi naichukua tarakimu hiyo kama pilau ya shughuli: ipo, ila sahani ngapi, muulize mpishi mwingine.

Jaribio la kwanza kubwa lilifanywa ndani ya kiwanda cha pombe aina ya jini, Bromley-by-Bow, London. Kwa mtu aliyekulia karibu na mapipa ya busaa au komoni, jambo hili halishangazi: mahindi, maji, joto na subira. Tofauti iko kwenye usafi. Pipa la komoni linapokea vijidudu vya kila aina na bado linanyweka. Bakteria wa Weizmann anachukia hewa, na akiingiliwa na wale wanaochachua maziwa, pipa zima linageuka kuwa uji mchungu usio na faida. Kwa hiyo mapipa, mabomba na vali vilipaswa kutokoswa kwa mvuke, kwa kiwango ambacho wapika pombe hawakukizoea. Mbinu ilipokubali, ikahamia kwenye kiwanda cha kordaiti cha jeshi la majini lenyewe, Holton Heath huko Dorset, kisha King's Lynn, na kuvuka bahari hadi kiwanda cha wiski cha Toronto.

Je, bila yeye mizinga ya Uingereza ingenyamaza? Hili nalo niliwahi kulisema kwa sauti ya uhakika. Ukweli ni kwamba jeshi la nchi kavu lilipata njia nyingine. Wakemia walibadilisha pamba yenyewe, wakatumia ile isiyopikwa sana kwenye asidi, ambayo hulegezwa na mchanganyiko wa etha na kileo bila asetoni. Kordaiti hiyo iliitwa RDB, na kiwanda kikubwa cha Gretna kiliitoa kwa wingi. Wanamaji ndio walioikataa. Kombora la mahandaki ya Ufaransa lilipigwa baada ya wiki chache. Baruti ya manowari hulala ghalani ndani ya meli kwa muda mrefu, inapita joto la tropiki na baridi ya kaskazini, na RDB haikuaminika kwa uhifadhi wa namna hiyo. Ndiyo maana hadithi ya asetoni ni ya majini zaidi kuliko ya nchi kavu, na ndiyo maana waliomwita Weizmann walikuwa watu wa jeshi la majini.

Kosa la tatu, lile la kupewa nchi, lina mwenyewe wa kulaumiwa. David Lloyd George, aliyekuwa waziri wa silaha kisha waziri mkuu, aliandika katika miaka ya 1930 kwamba alitaka kumpa Weizmann nishani, naye akakataa, akaomba jambo kwa ajili ya watu wake, na hapo ndipo likazaliwa Azimio la Balfour la tarehe 2 Novemba 1917, ambamo Uingereza iliunga mkono makao ya taifa la Wayahudi Palestina. Hadithi tamu. Weizmann, ambaye baadaye alikuwa rais wa kwanza wa Israeli, aliipinga mwenyewe: aliandika kwamba historia haifanyi kazi kwa taa za Aladini. Arthur Balfour, waziri wa mambo ya nje aliyetia saini azimio hilo, alikuwa amekwisha kukutana naye Manchester mwaka 1906, wakati asetoni haimo hata ndotoni, na serikali ya London ilikuwa na hesabu zake za kivita na za kikoloni zilizoizidi kemia. Nitakubali hili tu: kazi ile ilimhamishia London na kumfungulia milango. Kuanzia Mei 1915 waziri wa jeshi la majini, yaani bosi wa mabosi wake, alikuwa Balfour huyo huyo. Mlango uliofunguliwa una thamani, ila haupimiki kwa tani.

Mahindi nayo yakaja kuwa shida. Mengi yalivuka Atlantiki, na mwaka 1917 nyambizi za Ujerumani zilikuwa zikizamisha meli kwa kasi ya kutisha. Ndipo mtu akakumbuka mti mmoja wa kivuli wa kule, wenye mbegu za kahawia zinazong'aa, haziliki, na watoto wa Kiingereza huzichezea kama wetu wanavyochezea komwe. Zina wanga. Shule zikaambiwa zikusanye, watoto wakajaza magunia, na hawakuelezwa za nini. Takriban tani 3,000 zilifika King's Lynn. Kiwanda kilianza kuzipika Aprili 1918, bakteria wakazila shingo upande, na kufikia Julai kikafungwa. Magunia mengine hayakufika kabisa. Yalibaki kwenye stesheni za reli, mbegu zikiozea humo.