Kwa nini tope la kinamasi hutoa viputo ukilichoma fimbo?

Chomeka fimbo kwenye tope la bwawa, au pembezoni mwa mafunjo ya Ziwa Victoria, kisha uichomoe. Viputo hupanda mfululizo. Aghalabu gesi hiyo ni methani kwa sehemu kubwa, na ilianza ikiwa jani, mwani au kinyesi cha mifugo kilichosombwa na mvua.

Vitu hivyo vikizama, bakteria wanaoviozesha humaliza oksijeni upesi. Mara nyingi milimita chache tu ndani ya tope hakuna tena. Kuoza hupungua kasi, ndiyo maana mashapo ya ziwa yanaweza kutunza kaboni kwa maelfu ya miaka. Lakini hakukomi. Baadhi ya vijidudu viitwavyo arkea, ambavyo oksijeni ni sumu kwao, huvunja asetati (chumvi ya asidi iliyo kwenye siki) au huunganisha haidrojeni na kaboni dioksidi, na hapo methani huzaliwa. Kwenye mikoko methani hutokea kwa uchache, kwa sababu maji ya bahari yana salfeti (chumvi yenye salfa) nyingi na bakteria wanaoitumia huwapokonya arkea chakula.

Methani inayopenya polepole majini huliwa kwa wingi na bakteria wengine mara ifikapo penye oksijeni. Kiputo hakiwapi nafasi hiyo: kwenye kina cha mita moja hufika juu kwa sekunde chache. Kwa hiyo maji ya kina kifupi ndiyo ya kuangaliwa zaidi, maana kilo moja ya methani hupasha dunia joto kama kilo 27 hivi za kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100. Bwawa likishushwa maji ghafla, mgandamizo juu ya tope hupungua na viputo hufumuka kwa pamoja.

Ukitaka kuikusanya gesi hiyo, vaa mabuti marefu (kichocho kipo). Jaza chupa maji hadi pomoni, izamishe, igeuze mdomo chini, weka faneli chini yake, kisha koroga tope. Chupa ikibaki na hewa hata kidogo, kipimo kimeharibika. Mwanafizikia Mwitaliano Alessandro Volta alikusanya gesi ya matope namna hiyo mwaka 1776 kwenye Ziwa Maggiore, Italia. Usiiwashe: methani ikiwa asilimia 5 hadi 15 ya hewa hulipuka.

Kukausha kinamasi ili kulima hupunguza methani, ila oksijeni huingia kwenye mboji iliyolala humo miaka mingi. Kaboni yake hutoka ikiwa kaboni dioksidi, na shamba hudidimia kidogo kidogo mwaka hadi mwaka.