Lori la modeli kwenye njia ya mfuo: yanayosemwa na yalivyo

"Mjomba, hili lori betri yake iko wapi?"

Kila mtoto anayepanda barazani kwangu hapa Malindi huuliza hivyo, na watu wazima huuliza vilevile. Betri halina. Chini ya pua yake kuna kipande chembamba cha plastiki, mimi hukiita ulimi, kinachoingia kwenye mfuo uliochongwa katika ubao. Kando ya mfuo zimepita kanda mbili za shaba zenye umeme wa volti 12, na ulimi umebeba misuko miwili ya nyuzi laini za shaba inayosugua kanda hizo. Mkononi umeshika kidhibiti cha kubana kwa kidole: ukibana zaidi, mota inapata umeme zaidi. Usukani hakuna. Ustadi wote uko katika kujua wakati wa kuachia.

Mchezo wenyewe ni wa zamani. Chapa ya Scalextric ya Uingereza ilianza mwaka 1957. Lakini magari mengi ya dukani ni ya mbio za lami. Anayetaka lori la nyikani, mithili ya lori la Tatra ambalo Karel Loprais wa Ucheki alishindia mbio za jangwani za Dakar mara 6, mara nyingi itambidi aliunde mwenyewe kutokana na boksi la modeli ya plastiki. Hapo ndipo maneno yanapoanza.

La kwanza ni kwamba modeli ni pambo la kabati, na kuitia mota ni kuiharibu. Nalisikia sana, na huniuma, kwa sababu historia inasema kinyume. Kipimo cha 1/35, yaani chombo halisi kimepunguzwa mara 35, ambacho leo ndicho cha modeli nyingi za kijeshi, kilitoka kampuni ya Tamiya ya Japani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Walipounda modeli ya kifaru cha Panther walihitaji nafasi ya kutosha mota na betri ndani, na ukubwa uliopatikana, ulipopimwa, ukawa karibu 1/35. Yaani mota ndiyo iliyozaa kipimo hicho. Ukikata sakafu ya lori la 1/35 ili mota ikae, hujaikosea heshima modeli.

Ila usije ukadhani kila kilichomo boksini kitafaa. Chasisi ya modeli ni vipande vingi vya plastiki vilivyogundishwa, na ekseli zake ni za kutazamwa tu. Iache. Chukua bati la shaba la milimita 1, ulikate umbo la ngazi, ulilehemie kibomba cha kupitishia ekseli ya chuma ya nyuma (ya mbele nitaieleza baadaye), na hiyo ndiyo gari. Kebini na bodi huja juu kama kanzu, kwa skrubu mbili zisizokazwa hadi mwisho, ili bodi itikisike kidogo bila kuitikisa chasisi.

Kuna wanaoamini kwamba lori la 1/32 litaenda vizuri kwenye njia ya 1/32. Chukua rula. Lori halisi lina upana wa takriban mita 2.5. Katika 1/32 hiyo ni sentimita 7.8, na katika 1/24 ni sentimita 10.4. Njia nyingi za plastiki za 1/32 zina takriban sentimita 8 kutoka mfuo hadi mfuo. Malori mawili yakikutana sambamba yanasuguana vioo, na kwenye kona, moja litalitoa jingine. Ndiyo maana njia yangu ni ya mbao, imechongwa na seremala wa mtaani, na mifuo yake imeachana sentimita 14.

Sasa mota. "Lori ni zito, kwa hiyo litiliwe mota kubwa." Hapa watu hupoteza pesa. Gari la mbio la 1/32 lina tairi la kipenyo cha karibu sentimita 2, na gia zake huwa kama pinioni (gia ndogo ya mota) ya meno 9 kwa kraun (gia kubwa ya ekseli) ya meno 27, yaani mota inazunguka mara 3 tairi likizunguka mara 1. Tairi la lori halisi la nyikani lina kipenyo cha kama mita 1.2, katika 1/35 ni sentimita 3.4. Ukibakiza gia zilezile, kila mzunguko unalipeleka lori mbali zaidi mara 1.7, na mota inalemewa vivyo hivyo. Itanguruma, itapata moto, na plastiki iliyo karibu nayo italainika. Ukitia mota kubwa zaidi, lori linaruka nje ya mfuo kwenye tuta la kwanza.

Dawa iko kwenye gia. Pinioni ya meno 8 kwa gia ya meno 40 hukupa 5 kwa 1, na mota ndogo ileile inapanda kilima bila kuhema. Na tazama jambo ninalolipenda katika malori: gia ya meno 40, kwa meno madogo ya moduli 0.5 (moduli ni kipimo cha ukubwa wa jino), ina kipenyo cha milimita 21. Chini ya gari la mbio ingekwaruza barabara. Chini ya lori inabakiwa na milimita 6 za kupumua. Tairi kubwa lililoleta tatizo ndilo linaloleta nafasi ya kulitatua.

Mota za vichezeo vya betri, nazo, nyingi ni za volti 3. Usizitie kwenye njia ya volti 12, zitaungua.

Dhana iliyonichosha kuliko zote ni ya springi na urefu. Watu wameona malori ya Dakar kwenye televisheni yakielea juu ya matuta, wanataka na lao lisimame juu, lenye springi nne. Lakini kuanguka hakujui kipimo cha modeli. Lori halisi likishuka mita 1 kutoka tutani huwa hewani karibu nusu sekunde. La 1/35 hushuka sentimita 2.9 kwa muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Springi hiyo haipati hata nafasi ya kufanya kazi, inalirusha tu.

Mimi hufanya hivi. Ekseli ya mbele naishika kwa skrubu moja katikati, ibembee kama mizani, upande mmoja ukipanda jiwe mwingine ubaki chini. Ulimi nao naufunga kwenye mkono wenye bawaba na springi laini sana, ili pua ikiinuka misuko iendelee kugusa shaba. Kisha uzito. Nanunua chubwi, vile vizito vya madini ya risasi, kwa wauza vifaa vya uvuvi, nazigonga kwa nyundo hadi ziwe bapa, nazigundisha chini kabisa ya chasisi, mbele ya ekseli ya nyuma. Lori langu la kwanza lilikuwa linapinduka ubao ukiinuliwa kiubavu nyuzi 35. Baada ya gramu 60 za chubwi lilivumilia hadi 45. Risasi ni sumu, kwa hiyo nawa mikono, na watoto wasiiguse.

Na sumaku, ambayo wengine hutaka kuitia chini ya lori? Kwenye njia zenye reli za chuma huvuta gari chini. Shaba haivutwi na sumaku, kwa hiyo kwenye njia kama yangu ni mzigo wa bure. Kuendesha ekseli zote kwa mota pia hakuna haja. Ya nyuma yatosha, ya mbele izunguke yenyewe.

Na mchanga. Kila mgeni husema tuna bahati, tuna ufuo mzima wa kumwagia njia. Mimi pia niliwaza hivyo. Niliuchota ufuoni, nikaugundisha kwa gundi nyeupe ya mbao, ukapendeza sana. Baada ya wiki mbili kanda za shaba zilikuwa za kijani na malori yanakwama njiani. Mchanga wa bahari una chumvi, chumvi huvuta unyevu, na unyevu wa Malindi hauhitaji kualikwa. Sasa nausuuza kwa maji ya mvua mara nne, naukausha juani siku mbili, naupepeta kwa chujio la chai ibaki ile laini tu. Kwenye vilima natia udongo mwekundu wa Marafa, kule bara, usio na chumvi ya bahari, na mawe ni vipande vya matumbawe nilivyovisuuza vilevile.

Kabla ya mbio napitisha kitambaa kikavu juu ya shaba, kisha naichana misuko kwa mswaki wa zamani mpaka nyuzi zikae wima. Mpwa wangu ndiye hushika mswaki siku hizi, na haniruhusu tena kugusa ulimi wa lori lake.