Je, wajua kwa nini saa ya mazoezi hukuhesabia hatua ukiwa umekaa mtumbwini?

Kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, mpakani na Kanada, kuna pori la maziwa na misitu liitwalo Boundary Waters. Maziwa yake yanapita 1,000, na sehemu kubwa ya maji hayo hairuhusiwi boti ya injini. Watu huingia kwa mtumbwi, wakapiga kafi kutwa na kulala hemani. Ziwa likiisha, mtumbwi unapanda mabegani hadi ziwa la pili. Siku hizi wengi wao huvaa saa ya mazoezi. Jioni wakiitazama kando ya moto, hukuta vioja: saa imewaandikia hatua chungu nzima kwa muda waliokaa kitako majini, na pale walipovuja jasho msituni na mtumbwi mabegani, imekaa kimya.

Saa si mbovu. Ni kwamba haijui kama una miguu.

Ndani yake mna kipima mwendo, kipande kidogo cha silikoni kilichoning'inizwa kwenye springi nyembamba kuliko unywele. Mkono ukichezacheza, kipande hicho nacho hucheza, umeme unaopimwa kandoni mwake hubadilika, na programu husoma mabadiliko hayo makumi ya mara kila sekunde. Inachotafuta ni mdundo. Mtu mzima akitembea mwendo wa kawaida hupiga hatua 100 hadi 120 kwa dakika, na mkono hupepea kwa kufuata miguu. Programu ikiona mawimbi ya kasi hiyo yanajirudia, inasema huyu anatembea. Nyingi husubiri kwanza hatua kadhaa za mfululizo ndipo zianze kuhesabu, usije ukajikuna kichwa ukaambiwa umefanya mazoezi.

Sasa mweke mtu mtumbwini. Anachoma kafi majini, anavuta, anaitoa, anairudisha mbele. Akipiga mara 50 kwa dakika, kila pigo laweza kuutikisa mkono mara mbili, kafi inapouma maji na inapotoka. Hiyo ni mitikisiko 100 kwa dakika, mdundo ule ule wa mtu anayekwenda sokoni bila haraka, na ni wa mfululizo kwa saa nzima. Saa ingejuaje?

Ukifika nchi kavu mambo yanageuka. Mtumbwi hubebwa kifudifudi, nira yake, ule mti unaokatiza katikati, imelala mabegani, pua imeinuliwa kidogo ili mbebaji aone njia, na mikono yote miwili imeshika kingo mbele ya uso. Mtumbwi mwepesi wa kisasa una kilo 20 hivi. Ule wa zamani wa aluminiamu unapita 30. Miguu inahangaika juu ya mawe na mizizi, lakini kiganja kimegandia ubaoni. Ni kama mama aliyejitwika ndoo ya maji na kuishika kwa mkono mmoja: mvishe saa kwenye mkono huo, utaona hatua zake nyingi zinapotea njiani.

Ramani za huko hupima njia hizi kwa rodi, kipimo cha zamani cha wapima ardhi. Rodi 1 ni mita 5 hivi, karibu urefu wa mtumbwi wenyewe, kwa hiyo njia ya rodi 200 ni kilomita 1. Mzigo ukiwa mwingi, watu hubeba kwa awamu mbili: unapeleka mtumbwi, unarudi mikono mitupu, unapeleka begi. Umetembea kilomita 3, yaani hatua kama 4,000. Awamu ya mtumbwi mikono imeshika kingo, awamu ya begi vidole vimejipachika kwenye mikanda. Kilomita ambayo saa itaihesabu vizuri ni ile ya katikati, uliyorudi ukipunga mikono bila kubeba kitu.

Wabebaji wa ngozi za wanyama, Wafaransa wa Kanada waliokata maji hayo karne ya 18, walikuwa na namna yao. Kwenye njia ya Grand Portage, yenye kilomita 13.7, mtu alibeba marobota mawili kwa mpigo, kila moja kilo 40 hivi. Ziwa walilipima kwa viko: walikuwa wakipiga kafi kitambo, wanapumzika kuvuta kiko, wanaendelea, na urefu wa ziwa ukatajwa kwa idadi ya viko. Mimi naona kipimo chao kilikuwa cha haki zaidi, kwa sababu upepo wa mbele uliongeza viko. Saa haikuongezei hatua kwa ajili ya upepo.

Mapigo ya moyo nayo yana kesi yake. Saa humulika ngozi kwa taa ya kijani, damu hufyonza rangi hiyo, na mwanga unaorudi hupungua kila moyo unaposukuma. Ukikaza kafi, kano za kifundo cha mkono husukuma saa juu na mwanga wa nje unapenya. Maji ya baridi nayo huibana mishipa midogo ya ngozi, damu ikapungua. Wakati mwingine saa hushika mdundo wa kafi ikadhani ndio moyo. Ipandishe saa vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo cha mkono na uikaze kidogo. Anayetaka namba za kuaminika avae mkanda wa kifuani, unaosoma umeme wa moyo wenyewe. Kalori zisikusumbue: saa inajua uzito uliouandika siku ya kwanza, haijui habari ya mtumbwi.

Kwa hatua, dawa ni rahisi. Majini, chagua zoezi la kupiga kafi kama saa yako inalo. Nchi kavu, ivue uifunge kwenye kamba za kiatu, ambako mtikisiko wa mguu haufichiki.

Kioja cha mwisho ni ghorofa. Saa nyingi hupima kanieneo ya hewa ili zijue umepanda ngazi ngapi, na karibu na usawa wa bahari kanieneo kushuka kwa hektopaskali 1, kipimo chake, ni sawa na kupanda mita 8 hivi. Mawingu ya dhoruba yanapokusanyika, kanieneo hushuka bila wewe kupanda popote. Ukiwa unazungukazunguka kuokota kuni, waweza kuandikiwa ghorofa mbili tatu kwenye kambi iliyo tambarare. Hapo acha kuni, ukauvute mtumbwi mbali na maji na kuufunga kwenye mti.